Herufi Imekaa Wapi? Majibu ya Maswali Yenu ya Aljebra

Shikamoo mwalimu. Nikiongeza nusukipenyo cha tangi la maji mara mbili, ujazo nao unakuwa mara mbili? (Kidato cha pili, Arusha)

Marahaba. Hapana, unakuwa mara nne. Kwenye kanuni ya ujazo wa tangi la duara, πr²h, r (nusukipenyo) imebeba kipeo cha pili, h (kimo) haikubeba. Ni kimo ndicho kikizidishwa kwa mbili ujazo nao huwa mara mbili. Swali hili naletewa kila muhula, na kila mara anayeuliza amekariri kanuni bila kuipa hata namba moja. Weka r = 1, kokotoa. Weka r = 2, kokotoa tena. Dakika mbili tu.

Mibuni yangu ina nafasi ya mita 2.5 kila upande. Nikipanda kwa mita 2, si nitaongeza miche kwa asilimia 20? (Mkulima, Marangu)

La, mzee wangu. Idadi ya miche ni eneo gawanya kwa nafasi mara nafasi. Nafasi imekaa chini ya mstari, tena mara mbili. Hekta moja ni mita za mraba 10,000: kwa mita 2.5 unapata miche 1,600, kwa mita 2 unapata 2,500. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya nusu. Ila miche 900 ya ziada inataka mbolea, maji na mwanga, na migomba ya kihambani (shamba la nyumbani) nayo inataka vyake. Kanuni haina herufi ya hayo. Muone bwana shamba kabla hujachimba mashimo.

x ni −3. Kikokotoo kinasema x² ni −9, kitabu kinasema 9. Nani kakosea?

Wewe. Umeacha mabano, na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inaanza na mabano. Andika (−3)². Nimeshalijibu hili mara nyingi. Thamani yoyote unayoiweka badala ya herufi, ivalishe mabano kwanza.

Nikiandika y badala ya x, jibu linabadilika?

Hapana, mradi umebadilisha kila mahali na y haikuwemo tangu mwanzo.

Dereva wetu anasema akitoka 80 kwenda 100 tunawahi sana Arusha. Ni kweli? (Abiria, Moshi)

Moshi hadi Arusha ni kama kilometa 80. Muda ni umbali gawanya kwa mwendo, kwa hiyo mwendo uko chini ya mstari. Kutoka 40 kwenda 60 kwa saa unaokoa dakika 40. Kutoka 60 kwenda 80, dakika 20. Kutoka 80 kwenda 100, dakika 12. Kutoka 100 kwenda 120, dakika 8. Nyongeza ni ileile ya 20, faida inazidi kunyauka.

Sasa tazama breki. Nishati ya gari ni ½mv² (m ni masi ya gari, v ni mwendo), na hapo mwendo uko juu, tena na kipeo cha pili: 80 inatoa 6,400, 100 inatoa 10,000. Breki zinabebeshwa mzigo zaidi ya mara moja na nusu kwa ajili ya dakika 12. Juzi nilikaa siti ya mbele, mshale ukapita 100 tukikaribia Kikatiti, na ukingoni kasimama mtoto wa shule na ndoo mkononi, anasubiri kuvuka. Nilimwambia dereva apunguze, akapunguza. Nawe mwambie wako, kwa sauti, abiria wengine wasikie.

Naongoza wageni mlimani. Nyuzi 10 za Selsiasi ni 50 za Farenhaiti, basi 20 ni 100? (Machame)

Ni 68. Unazidisha Selsiasi kwa 9, unagawanya kwa 5, kisha unajumlisha 32. Ile 32 haizidishwi na chochote, inabaki palepale. Nawe usisahau alama ya hasi: kipimo kikisoma −10 kule juu, mwambie mgeni wako ni 14.