Shangazi, sala imenishinda na huruma inaniishia

*Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Mwanza, na nyumbani nina watoto wawili. Zamani nilisali rozari nzima kila usiku. Siku hizi naianza kitandani na asubuhi naikuta chini ya mto. Jumuiya sijahudhuria tangu Kwaresima. Rafiki yangu ananihimiza niwe naamka saa nane usiku nisali. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza kwa mara ya tatu kama mwanawe atapona, nikamkaripia mbele ya watu. Bado wapo wodini, na ananikwepa. Je, nimempoteza Mungu?*

Milele, amina, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale unaposema kwamba mama yule anakukwepa. Moyo uliompoteza Mungu usingeumizwa na jambo hilo.

Hilo la kuamka saa nane usiku usilifuate kwa sasa. Rafiki yako anakutakia mema, lakini hajui zamu zako. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakumwamsha ili akeshe katika maombi. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Usingizi wako nao ni riziki itokayo kwa Mungu yule yule, na rozari iliyokutwa chini ya mto haikuhukumu.

Sala utaipata wapi, basi? Nadhani unaitafuta mbali na kazi yako, ilhali kazi yenyewe imeshakuwekea vituo. Unanawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka unawaji huo wa maji na sabuni uchukue sekunde 40 hadi 60. Baba Yetu inayosaliwa bila haraka inaenea humo. Hata usipoimaliza, litaje moyoni jina la mtoto unayemwendea, jina lake na si namba ya kitanda, useme, "Bwana, umhurumie, nami unipe huruma." Nehemia, mnyweshaji wa mfalme, aliulizwa na mfalme anaomba nini, na kabla hajajibu alimwomba Mungu wa mbinguni pale pale aliposimama, mfalme akisubiri, hakuwa na nafasi ya kwenda kupiga magoti. Ila unapopima dozi, mwanangu, pima dozi tu. Uangalifu huo kwa mtoto wa mwenzako Mungu anaupokea kama sala.

Kuhusu huruma, nikusimulie nilichokiona nilipokuwa nikimuuguza mama yangu. Kulikuwa na nesi mmoja ambaye, kila alipokuja kubadilisha dripu, alikuwa akishika kwanza ukingo wa kitanda, anavuta pumzi, kisha anauliza, "Mama ameamkaje?" na kungoja jibu. Kungoja kwenyewe hakukuzidi nusu dakika, na wagonjwa wengine walikuwa wakimsubiri, lakini mimi niliyekuwa sijalala siku mbili nilihisi kwamba kuna mtu ameniona. Sijui kama alikuwa akisali. Ninachojua ni kwamba ule mkono juu ya ukingo wa kitanda ulikuwa unamsimamisha, asije kwetu na uchovu wa kitanda alichotoka.

Jumuiya nayo usiikimbie kwa aibu. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele, ili Kanisa liwe karibu na maisha ya watu, kwa hiyo mpelekee mwenyekiti wako ratiba ya zamu na uombe wakutembelee siku moja ya mapumziko yako. Usiku, tendo moja la rozari, yaani Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, pamoja na watoto wako linatosha.

Limebaki la mama yule, na hili usilisubirishe hadi utakapojisikia mtakatifu zaidi. Kuuliza mara tatu kulitokana na hofu. Jibu la kwanza na la pili hayakupata pa kukaa. Ukiingia zamu kesho, nawa mikono, litaje jina la mwanawe, kisha uende kwake. Mwombe radhi kwa sauti ambayo na wale waliokusikia ukimkaripia wataisikia. Halafu vuta kiti, uketi, umjibu swali lake kwa ukweli unaoufahamu, na kama kuna usilolijua, mwitie daktari.