Kabla hujafunga faili la kijana aliyetoka ndani

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye ofisi za ustawi wa jamii hapa Dodoma, siku ya kwanza mtaonyeshwa kabati la mafaili. Mengi ya mafaili hayo ni ya vijana walioachiwa kutoka kizuizini, na juu yake pameandikwa kwamba shauri limekwisha. Mimi nami niliandika hivyo kwa miaka mingi. Kijana anatoka, namkabidhi kwa mzazi, tunasaini, namwita anayefuata.

Kilichonibadilisha ni kukutana nao wakiwa watu wazima. Mji huu ni mdogo, ukikaa sana unakutana na kila mtu: mmoja anabeba mizigo Soko la Majengo, mwingine anapogoa mizabibu ya watu Makutupora, mwingine yuko stendi ya Nanenane anaitia abiria. Wananisalimia, "Mama ustawi, shikamoo," tunasimama kidogo tunaongea. Katika maongezi hayo niligundua kwamba miaka yote nilikuwa namuuliza mtoto alifanya nini, wala sikuwahi kumuuliza alipoingia ndani alikatizwa nini.

Chukueni kijana mmoja wa Bahi. Alikamatwa pamoja na wakubwa wake kwa tuhuma ya kuiba ng'ombe wa watu, akiwa na miaka kumi na minne. Dhamana ilikuwepo, mdhamini hakupatikana. Kila baada ya siku kumi na nne analetwa mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Miezi mitano ikapita, shtaka likaondolewa, akaenda nyumbani. Kwenye karatasi huyo hana deni na mtu. Lakini miezi mitano hiyo ilimeza mtihani wake wa darasa la saba, na ndio mwaka ambao rika lake lilipelekwa jandoni. Yeye alitahiriwa baadaye hospitali, peke yake. Kwenu mliosoma mjini hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa Mgogo wa kijijini, wale mlioingia jandoni pamoja ndio watakaokusindikiza ukienda kuposa, ndio watakaokukopesha ndama mwaka mbaya. Leo ana miaka zaidi ya thelathini na bado hana mtu wa kumwambia "tuliingia wote".

Siku moja nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuomba Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Akanishangaa: "Mama, mimi si nilifungwa?"

Hakufungwa. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini hakuna aliyekaa naye dakika kumi akamweleza tofauti ya mahabusu na mfungwa, basi akajihukumu mwenyewe na akatumikia. Kila tangazo la kazi linalotaka mtu asiye na kumbukumbu ya jinai alilipita kwa mbali. Kwa hiyo nawaomba: kijana akiachiwa, fuatilieni nakala ya amri iliyomwachia, mumpe mkononi, mumsomee. Wekeni nakala nyingine kwenye faili, maana nyumba za tembe zinavuja na karatasi haidumu.

Kuna utafiti wa wachumi wawili wa Marekani, Anna Aizer na Joseph Doyle, uliochapishwa mwaka 2015, ambao nadhani kila afisa angeusoma. Walifuatilia watoto zaidi ya 35,000 waliopita mahakamani Chicago. Kule mashauri yaligawiwa mahakimu bila kuchagua, na katika mahakimu wapo wepesi wa kufunga na wapo wazito. Kwa hiyo watoto wanaofanana, wa makosa yanayofanana, waliishia sehemu tofauti kwa bahati tu ya hakimu. Waliofungiwa, uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulishuka kwa takribani pointi 13 za asilimia, na uwezekano wa kufungwa tena ukubwani ulipanda kwa pointi 23. Chicago si Chamwino, najua. Ila wengi wa watoto wale walikaa ndani muda mfupi tu, wa kuhesabu kwa wiki, na ukimtoa mtoto shuleni katikati ya muhula, harudi. Hilo halihitaji ndege kulielewa.

Sasa suala la umri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yenu inapookoa au inapoharibu. Tangu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, yaani shule ya bweni ya kuwarekebisha watoto waliopatikana na hatia. Lakini ulinzi wote huo unategemea tarakimu moja iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Niliwahi kukuta imeandikwa miaka 19 kwa mtoto ambaye hata sauti ilikuwa haijavunjika. Mama yake hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nikamuuliza alijifungua lini, akasema hajui tarehe, ila ni mwaka ule wa ajali ya treni ya Igandu, alikuwa bado anamnyonyesha huyu mtoto wakati majeruhi walipopitishwa. Ajali ile ilikuwa Juni 2002, na sisi tulikuwa 2018. Tukaanza hapo: kadi ya kliniki, rejista ya darasa la kwanza, cheti cha ubatizo kanisani. Wiki mbili za pikipiki na vumbi. Kijana akahamishiwa mahakama ya watoto. Msiridhike na jibu la "hajui". Mama wa kijijini anajua, ila hahesabu kwa kalenda ya ofisini kwenu.

Na mkipendekeza shule ya maadilisho, kumbukeni Irambo iko Mbeya. Kutoka hapa unapita Mtera, unapita Iringa, unazidi kilomita 500. Mzazi anayeuza karanga Kibaigwa hatakwenda kumwona mwanawe, na mtoto asiyetembelewa anarudi akiwa mgeni nyumbani kwao. Simsemi vibaya mtu. Nasema muandike jambo hilo kwenye taarifa yenu ya uchunguzi wa jamii ili hakimu alijue kabla ya kuamua.

Mambo ya mwilini yatawashangaza. Nina mtu mzima, baba wa watoto watatu, ambaye mpaka leo analala viatu vikiwa chini ya kichwa. Mke wake alidhani ni uchawi. Mwingine hawezi kula taratibu. Mwingine akisikia gari zito linapunguza mwendo nje, anatoka kwa mlango wa uani. Msiwacheke, na msikimbilie kuwaita wakorofi kazini. Wengi hawajawahi kumweleza mtu yeyote.

Kosa langu mwenyewe nalisema ili msilirudie. Nilikwenda Chang'ombe kumtembelea binti aliyekuwa ametoka, alisingiziwa wizi na tajiri wake alikokuwa akifanya kazi za ndani. Nilikwenda na gari la halmashauri, namba za SM, dereva akaegesha mlangoni kabisa. Kabla sijamaliza kusalimia, mtaa mzima umeshajua kwamba yule amekamatwa tena. Mama mwenye nyumba akamtaka ahame mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo naacha gari barabarani, natembea, nimevaa kanga.

Kuhusu shule, fursa zipo kuliko zamani. Waraka wa elimu wa Novemba 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kurejea, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia jina limeshafutwa, nenda nao mkononi. Aliyekua sana kwa umri ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, au QT, mtihani wa maarifa wa watahiniwa wa kujitegemea, kwa anayelenga sekondari. Kwa fundi aliyejifunzia ndani, useremala au kushona, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapima ujuzi alio nao na kumpa cheti bila kumwanzisha mafunzo upya. Cheti cha VETA hakisemi alijifunzia wapi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Vifaa ndio shida. Randa moja na msumeno vimewashinda vijana wangu wengi kuliko tabia.

Mwisho wa faili lile la kijani kuna ukurasa mtupu. Andika pale namba ya simu ya mtu mmoja wa ukoo asiyehamahama, mara nyingi ni shangazi au bibi. Namba ya kijana mwenyewe itabadilika mara tano. Kisha kwenye kalenda yako weka alama miezi sita mbele, na nyingine miaka miwili mbele. Nilipoanza kupiga simu hizo, wa kwanza kupokea alikuwa bibi mmoja wa Mpwapwa. Alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza, "Kwani mlikuwa bado mnamkumbuka?"