Alimsema mwenzake wa chama, na kiti hakikumtoka

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Je, mwanasiasa anaweza kukikosoa chama chake hadharani na bado akabaki kwenye kiti?” Nasema anaweza, ila asitegemee viongozi wa chama wamlinde. Shahidi wangu ni marehemu Margaret Chase Smith, seneta wa jimbo la Maine, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo wa Skowhegan, binti wa kinyozi. Chuo kikuu hakukanyaga. Alifundisha kidogo, akawa opereta wa simu, akafanya kazi gazetini na kwenye kiwanda cha sufu. Mumewe, Clyde Smith, alikuwa mbunge. Alipofariki mwaka 1940, mjane akagombea kiti hicho akashinda. Mwenye kijicho angesema amerithi. Lakini mwaka 1948 aliingia kwenye mchujo wa useneta dhidi ya wanaume watatu, mmoja wao gavana aliyekuwa madarakani, akapata kura nyingi kuliko wote watatu kwa pamoja. Maneno ya urithi yaliishia hapo.

Februari 1950, Joseph McCarthy, seneta wa chama cha Republican kama yeye, alitangaza kwamba Wizara ya Mambo ya Nje imejaa wakomunisti. Smith mwanzoni alidhani mwenzake ana ushahidi. Akauomba, akausubiri, hakuuona. Huku nyuma watu wakawa wanachafuliwa majina, na wakubwa wa chama wamekaa kimya kwa sababu kelele zile zilikuwa na kura.

Tarehe 1 Juni akasimama. Alikuwa mwanamke pekee katika Seneti nzima, tena mgeni, hana hata miaka miwili humo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikutana na McCarthy njiani, naye McCarthy akamuuliza mbona uso umekuwa mzito, au ana hotuba? Smith akamjibu anayo, na McCarthy hataipenda. Akazungumza kama dakika 15 bila kumtaja jina. Alisema hataki kuona chama chake kikipata ushindi kwa kupanda farasi wanne wa usingiziaji: hofu, ujinga, chuki na kupakana matope. Maseneta sita wa chama hicho walitia saini tamko lake. McCarthy akawakejeli kwa jina la Snow White na vibete sita, akiigiza ile hadithi ya watoto ya binti na vibete saba.

Tukiisimulia habari hii huwa tunaishia kwenye hotuba, kana kwamba jabali lilianguka siku ile. Halikuanguka. Mwezi huohuo vita vya Korea vikaanza, hofu ya ukomunisti ikapanda, na McCarthy akazidi nguvu. Baadaye alimwondoa Smith kwenye kamati ndogo ya uchunguzi, nafasi akapewa Richard Nixon. Mwaka 1954 akamuunga mkono mpinzani wa Smith katika mchujo wa Maine. Wapiga kura wakamrudisha mama yao kwa kishindo, takriban kura tano kwa moja. Ndiyo maana nasema ngome yake ilikuwa Maine, wala si makao makuu ya chama. Desemba mwaka huo Seneti ilimlaani McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22, na ya Smith ilikuwa miongoni mwa hizo 67.

Si kwamba nampenda kwa kila jambo. Vita vya Vietnam aliviunga mkono, na hapo mimi na yeye tunaachana. Mwaka 1964 aliomba chama kimteue kugombea urais, akaambulia kura 27 za wajumbe. Mwaka 1972, akiwa na miaka 74, wapiga kura walewale wa Maine ndio waliomwangusha.

Na kwa anayeuliza kama ingekuwa heri kuhama tu: mmoja wa wale sita waliotia saini, Wayne Morse wa jimbo la Oregon, alikihama chama mwaka 1952, akaishia kwa Democrat, na useneta akaendelea nao hadi mwanzoni mwa 1969. Smith alibakia Republican, akadumu katika Seneti miaka 24.