Paka aliyechanganya msala na msalani

Kiswahili chetu kina utani wake. Msala ni kile kitambaa cha kuswalia. Ongeza silabi moja mwishoni, useme msalani, umeshafika chooni. Niliishi miaka yote hiyo bila neno hilo kunisumbua, mpaka Kashata alipoingia nyumbani akiwa na umri wa wiki sita hivi, akaufanya msala wa mama kuwa msalani siku tatu mfululizo.

Mama alikuwa amekuja Magomeni kutoka Tanga kutibiwa macho. Si mtu wa kuchukia paka. Ndiye aliyetusimulia utotoni habari za yule sahaba aliyekuwa akitawadha, paka akaja na kiu, akamwinamishia chombo anywe, kisha akaendelea na udhu wake. Lakini mate ya paka ni jambo moja, mkojo wake ni jambo jingine. Kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, mkojo ni najisi, na mjadala umekwisha. Siku ya kwanza mama aliufua msala kimya. Siku ya pili aliufua kwa sauti. Siku ya tatu, baada ya alasiri, aliniita kwa jina langu lote la cheti cha kuzaliwa.

"Mwanangu, ama huyu mgeni wako afundishwe, ama mimi nirudi zangu Ngamiani."

Niseme kwanza nilichokifanya, maana najua wengi wenu mnakifanya hivi sasa. Nilimshika shingo nikampeleka palepale kwenye unyevu, nikamkandamiza pua, nikamchapa kofi dogo la mgongoni. Ndivyo nilivyoona wakubwa wakifanya. Kashata hakuacha kukojoa. Aliacha kukojoa mbele yangu. Alijifunza kuniogopa mimi, akahamia uvunguni mwa kitanda na nyuma ya kochi, na sasa nikawa natafuta mkojo kwa pua badala ya kwa macho. Paka haunganishi kofi la saa hii na mkojo wa saa iliyopita. Anachoelewa ni kwamba wewe ni mtu wa hatari, hasa ukiwa karibu na mkojo.

Kilichonisaidia ni kalenda. Nilichukua ile ya ukutani, nikaandika kila alipokojoa na saa yenyewe. Baada ya wiki orodha ilikuwa hivi: msala, rundo la nguo za kufua, godoro, shela iliyoanguka, godoro tena, msala tena. Nikaitazama nikaona kitu ambacho hasira ilinificha. Sehemu zote hizo ni laini, kavu, na tulivu. Basi nikaacha kujiuliza huyu paka ana ukorofi gani, nikajiuliza kule kuna nini ambacho beseni langu halina.

Halikuwa na hata kimoja. Nilikuwa nimempa beseni la kufulia, refu kumfika yeye mara mbili. Kuingia alihitaji kubebwa. Mchanga niliuchota kwenye lundo la wajenzi uchochoroni, una kokoto, tena mbichi wa mvua. Ungekuwa wewe una nyayo laini kama zile ungefukua humo? Na nililiweka ua wa nyuma kando ya pampu ya maji kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Mnaoishi Dar mnajua maji huja yanapojisikia. Yakija, mtu anawasha pampu, nayo hunguruma kama bodaboda lililopasuka bomba la moshi. Nina hakika siku moja iliwashwa Kashata akiwa humo ndani, kwa kuwa kuanzia wiki ya kwanza alikuwa akifika mlangoni pa ua, anachungulia, kisha anageuka mbio.

Kwa hiyo nilianza upya, na sikutumia pesa ya maana.

Nilichukua dumu la mafuta la lita 20, nikalilaza kwa ubavu, fundi akanikatia upande wa juu wote. Ukuta wa mbele tukauacha wa vidole vinne tu ili aingie kwa miguu yake. Kingo za plastiki zilizokatwa ni kali, zipitishie moto wa mshumaa au zizungushie gundi ya karatasi. Paka akikua atahitaji kubwa zaidi. Chombo kiwe kirefu kuliko yeye kwa nusu ya urefu wake, ili aweze kugeuka bila makalio kubaki nje. Wengi wanalaumu paka anayekojoa "pembeni ya choo" kumbe miguu minne yote imo ndani, kilichokosa nafasi ni nyuma.

Mchanga niliuanika juani siku nzima, nikauchekecha kwa chekeche kuukuu la unga, nikamwaga kina cha vidole vitatu. Kuna mchanga maalumu wa paka kwenye supamaketi, na ukiweza kuumudu ununue, lakini ule unaoganda ukilowa usimpe paka mchanga sana wa umri. Watoto hulamba kila kitu, na kitu kinachoganda kikiingia tumboni kitaganda humohumo. Maranda ya seremala yanafaa pia, mradi yawe ya mbao isiyopakwa dawa ya mchwa. Hayo muulize seremala kwanza, usichote tu.

Sasa kwa yule aliyekwisha kuzoea nguo, mchanga mzuri peke yake hautoshi. Nilikata kipande cha kanga chakavu nikakitandika juu ya mchanga. Mama alipoona nampa paka kanga ya kukojolea alitikisa kichwa, akaondoka chumbani. Kashata aliingia jioni ileile. Kila siku mbili nilikuwa napunguza kipande kwa mkasi, mpaka kikabaki cha ukubwa wa leso ya mkononi, halafu hakikuwapo, naye akawa anafukua mchanga kana kwamba ndilo wazo lake tangu mwanzo.

Mahali je? Kona ya chumba changu, mbali na pampu, mbali na sahani yake ya chakula. Paka hapendi kujisaidia mahali anapokula, na hapo sidhani kama tunatofautiana naye. Tena wiki mbili za mwanzo nilimfungia chumba hicho kimoja. Tulikosea kumwachia nyumba nzima siku ya kwanza. Kibofu cha kitoto cha paka ni kidogo. Haja ikimshika akiwa sebuleni, hawezi kukumbuka kona, ukorido na mlango vyote kwa pamoja. Kila alipoamka, alipomaliza kula, na alipochoka kucheza, nilimbeba nikamweka ndani ya dumu, nikakaa kando bila kumshika. Akitoka bila kufanya kitu, sawa. Akifanya, anapata kipande kidogo cha dagaa papo hapo.

Nikumbushe jambo moja kuhusu umri, kwa sababu kila siku naona watu wanagawa paka wa wiki nne. Watoto hawa huanza kufukua mchanga wakiwa na wiki tatu au nne, nao hujifunzia kwa mama yao. Wakiwa wadogo zaidi ya hapo hata kukojoa wenyewe hawawezi mpaka mama awalambe. Ukiweza, mwache kwa mama hadi wiki nane. Kashata aliokotwa mtaroni, hakuwa na chaguo, na sehemu ya fujo zake ilikuwa hiyo: hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Harufu ndiyo iliyonitesa kuliko yote. Unaweza kurekebisha kila kitu, lakini kama godoro bado linanuka kwa pua yake, kwake hapo ni choo halali. Mimi nilianza na jiki. Msifanye hivyo. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoka mvuke unaochoma macho na kifua. Nilikohoa usiku kucha. Kisha nikaja na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini. Nyumba ikanukia hospitali, nami nikajisifu, mpaka nilipoambiwa kuwa dawa za jamii hiyo zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuzivunja. Anakanyaga sakafu, analamba nyayo, anakunywa sumu kidogo kidogo. Udi na marashi navyo vinaweza kumdhuru, na vinakudanganya wewe tu. Paka hadanganyiki.

Kilichofaa ni sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya, imeandikwa kwenye pakiti. Sehemu moja ya sabuni kwa tisa za maji ya uvuguvugu, si ya moto. Kwanza unakausha mkojo kwa kitambaa kwa kukandamiza bila kusugua, maana ukisugua unauzamisha. Kisha unalowesha kwa maji ya sabuni kupita pale ulipoona doa, kwa sababu sponji hunywa mkojo ukatanda chini upana mara mbili. Unaacha dakika kumi na tano, unasuuza, unaanika juani. Godoro langu lilihitaji mara tatu. Na usitangaze ushindi wakati wa kiangazi: nilidhani nimemaliza, mvua za masika zilipoanza na unyevu ukaingia chumbani, harufu ikarudi kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

Msala wa mama ulifuliwa vivyo hivyo, kisha ukatwaharishwa kama inavyopasa. Nikapigilia msumari ukutani, ukawa unatundikwa baada ya kila swala. Hiyo nayo ni dawa. Nguo chafu ziwe kwenye ndoo yenye mfuniko, shela zisianguke ovyo. Wakati anajifunza, usimwekee mtihani kila kona.

Mwezi ukapita bila tone. Halafu siku moja, saa kumi na moja alfajiri, nikamkuta amechuchumaa kwenye sakafu tupu ya saruji. Akatoa tone moja, akasogea, akachuchumaa tena, akalia, akajilamba chini. Mama akasema amerudia tabia yake. Mimi nikakumbuka kalenda: Kashata hakuwahi kuchagua saruji. Kitu baridi na kigumu kilikuwa kinyume na ladha yake yote.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo asubuhi ileile. Alimpapasa tumbo, akasema kibofu kimevimba kwa uchungu lakini njia haijaziba. Akaniambia ningechelewa, na njia ingeziba, huenda nisingekuwa na paka kufikia kesho yake au kesho kutwa. Hili lishikeni hata mkisahau yote ya juu: paka dume anayejikamua na hatoi kitu, au anatoa matone na kulia, hangoji Jumatatu. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, ikiziba sumu hurudi mwilini na kuua kwa siku moja au mbili. Na msimpe parasetamoli kwa kumwonea huruma. Kidonge kinachotuliza kichwa chako kinamuua paka.

Daktari alitupa dawa ya maumivu ya wanyama, akanikemea kwa chakula kikavu nilichokuwa nampa peke yake. Sasa namlowesha chakula kwa mchuzi wa dagaa usio na chumvi, na bakuli la maji liko mbali na chakula. Sijui kwa nini hulipenda zaidi hivyo, ila hulipenda. Maziwa ya ng'ombe niliacha, yalikuwa yanamharisha, na ile harisho nayo ilikuwa inamkosesha kufika chooni.

Alipokaribia miezi mitano tulimhasi. Wasiohasi, tegemeeni hadithi nyingine kabisa: dume akishabalehe, anasimama, mkia wima unatetemeka, anarusha mkojo ukutani. Huyo hajasahau choo. Anaandika jina lake, na dumu lako zuri la mchanga halitamshawishi.

Ninachokifanya kila siku ni kidogo. Asubuhi natoa uchafu kwa kijiko kikuukuu, mchanga wote unabadilishwa mara moja kwa wiki, dumu linaoshwa kwa sabuni ya kawaida. Mdogo wangu alipokuwa mjamzito watu walimwambia asikanyage kwangu. Vimelea wanaoogopewa hutoka kwenye kinyesi, si kwenye manyoya, nao huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukitoa kila siku umewawahi. Hata hivyo yeye hakugusa dumu, kazi ilikuwa yangu. Mtu mwenye paka wawili aweke madumu matatu. Mimi nina mmoja na ninaweka mawili, la pili liko sebuleni nyuma ya kabati, kwa ajili ya siku za wageni anapoogopa kupita.

Macho ya mama yalipona, akarudi Tanga, akaja tena mwezi wa Rajabu. Siku ya pili nilimkuta uani, chekeche mkononi, mchanga umeanikwa juu ya kiroba.

"Ulivyokuwa unachekecha wewe," akasema bila kuinua kichwa, "kokoto zote zinabaki."

Kashata alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mama, anangoja.