DNA ya mumia inaweza kutuambia farao alikuwa na rangi gani?

SWALI: Habari mtaalamu. Kuna jamaa yangu tunabishana kila siku kuhusu Wamisri wa kale, yeye anasema utafiti wa DNA wa 2017 ulishamaliza mjadala, kwamba walikuwa watu wa Mashariki ya Kati na hawakuwa weusi. Mimi nimekua nikiamini mafarao ni Waafrika wenzetu. Hivi DNA inaweza kweli kuonyesha hiyo kitu? Naomba unieleweshe.

JIBU: Salama ndugu yangu, na asante kwa kuuliza. Mimi kazi yangu ni hiyohiyo DNA ya kale, mifupa na meno, na huu utafiti wa 2017 nausikia ukitajwa karibu kila wiki na watu ambao hawajui ulipima akina nani, kwahiyo tuanzie hapo.

Mumia wote walitoka sehemu moja tu, Abusir el-Meleq, jirani na Fayum. Walianza na watu 151, wakapata DNA ya mitokondria, yaani ile inayopita kwa mama, kwa watu 90, halafu jenomu pana, yaani DNA ya mtu kwa upana wake, ambayo ndo inaonyesha mababu wa pande zote mbili, wakaipata kwa watu watatu. Watatu tu! Na hao watatu walikufa zaidi ya miaka 1,500 baada ya piramidi za Giza kujengwa, wakati Wahyksos kutoka mashariki walishatawala Delta ya Nile, kaskazini mwa Misri, wakapita, na biashara na watu wa kule ilikuwa ya siku zote. Ni kweli walionekana kuwa karibu na watu wa Mashariki ya Kati, hilo silikatai, data ipo. Lakini waandishi wenyewe waliandika kwamba sehemu moja haiwezi kusimama badala ya Misri nzima, sasa hiyo sentensi ndo huwa haifiki kwa watu.

Mwaka 2025 ikatoka jenomu nyingine, hii mi naiona ya thamani kubwa zaidi kwa swali lako. Ni mwanaume mmoja wa Nuwayrat, km 265 kusini mwa Cairo, aliyeishi kati ya 2855 na 2570 KK, karibu na zama za piramidi zenyewe. Alizikwa ndani ya chungu kikubwa, kikawekwa kwenye kaburi lililochongwa mwambani, na inaelekea hicho chungu na mwamba ndo vilimhifadhi, maana joto la Misri linamaliza DNA vibaya sana. DNA ilitoka kwenye meno, pale kwenye mzizi. Mifupa yake inaonyesha alikaa chini miaka mingi kaegemea mbele, mikono kainyoosha, kichwa kakiinamisha, ndo maana wanafikiri labda alikuwa mfinyanzi. Mababu zake kama asilimia 80 ni watu wa zamani wa Afrika Kaskazini, na kama asilimia 20 wanaelekea upande wa Mesopotamia, Iraq ya leo. Rangi walikadiria ngozi nyeusi au ya kukaribia weusi, macho ya kahawia, ila wakaonya kwamba ni makadirio.

Wameonya kwa nini? Kwa sababu programu za kukadiria rangi zimefundishwa kwa watu wa leo, na Waafrika ndani yake ni wachache. Halafu ngozi inaendeshwa na jeni nyingi, na nasaba siyo rangi! Hapa ndo jamaa yako anapokosea, na mfano ninao wa hapahapa nyumbani. Luxmanda, mkoa wa Manyara, kulipatikana mtoto mchanga wa wafugaji aliyeishi miaka kama 3,100 iliyopita, alipopimwa karibu asilimia 38 ya nasaba yake ikaonekana inahusiana na wakulima wa kale wa Levanti, yaani ukanda wa Palestina na Yordani. Sasa kuna mtu atasema huyo mtoto wa Manyara hakuwa Mwafrika?

Usitegemee pia ngozi ya mumia unayoiona kwenye picha, utomvu na magadi waliyopakwa yanabadilisha rangi kabisa. Na michoro ina desturi zake, wanaume walipakwa wekundu wa udongo na wanawake unjano, mungu wao Osiris anapakwa kijani, huwezi kuichukua kama picha ya pasipoti. Lakini mtazame Maiherpri, mtu aliyezikwa kwenye Bonde la Wafalme kabisa, walikozikwa mafarao, kwenye karatasi yake ya mafunjo kachorwa na ngozi nyeusi kuliko Wamisri wengine, na hakuna aliyeona shida kumpa heshima hiyo. Na nasaba ya 25, yaani ukoo wa 25 wa mafarao, akina Piye na Taharqa, hao walitoka Kush, Sudan ya leo, wala hakuna wa kubisha.

Mimi ukiniuliza nitakwambia Wamisri wa kale walikuwa Waafrika wa bonde la Nile, wenye ndugu kusini na ndugu mashariki, na weusi wao ulitofautiana kuanzia Aswan mpaka baharini kama ilivyo leo. Jamaa yako akirudia tena muulize tu hao mumia walikuwa wangapi, wa kijiji gani na wa karne gani. Ninachokitamani sasa ni jenomu nyingi za kusini, kule Luxor na Aswan, maana huko ndo ufalme ulikoanzia na huko ndo tuna pengo kubwa.