Marekebisho yasiyo salama ya Ruff, na orodha ya mikopo iliyorudi tupu

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba kila ukiendesha `ruff check` (Ruff ni programu inayokagua msimbo wa Python na kutaja makosa yake) kwenye mradi wenu unaletewa orodha ndefu ya makosa, kwamba mengi yanarekebishika kwa `--fix`, na kwamba chini kabisa yanatajwa marekebisho mengine 97 yaliyofichwa, ambayo hayafanyiki mpaka uongeze `--unsafe-fixes`. Mkubwa wako wa kazi anataka orodha hiyo iishe wiki hii, nawe unauliza kama onyo hilo ni la kweli au ni waandishi wa programu wanaojikinga tu na lawama. Onyo ni la kweli, ingawa hatari haifanani kwa kila kanuni, na hata neno «salama» lisikulaze usingizi. Nitaeleza kwa yale yaliyonipata mimi.

Mgawanyo huu uliingia katika Ruff kwenye toleo la 0.1.0, Oktoba 2023. Rekebisho huitwa salama pale ambapo maana na kusudi la msimbo vinatarajiwa kubaki vilevile baada ya kubadilishwa, na huitwa lisilo salama pale ambapo maana hiyo inaweza kubadilika. Zingatia neno «inaweza». Ruff husoma maandishi ya msimbo bila kuuendesha, na mara nyingi haiwezi kujua kitu kilichomo ndani ya kigeu fulani ni cha aina gani: ni namba ya kawaida, au ni safu ya hifadhidata iliyobeba tabia zake yenyewe. Kwa hiyo alama hiyo haisemi kwamba rekebisho ni baya. Inasema kwamba kikaguzi kimefika mwisho wa kile kinachoweza kukithibitisha, na kuanzia hapo anayejua ni wewe mwenye mfumo. Ni kweli pia kwamba Ruff huyarudisha nyuma mabadiliko yake ikiona yamevunja sarufi ya Python, lakini msimbo wenye sarufi safi unaweza kusema uongo mtupu.

Nilikuwa natunza mfumo wa chama cha akiba na mikopo, ulioandikwa kwa Python na SQLAlchemy, maktaba ya kuzungumza na hifadhidata. Orodha ya mikopo ambayo haijalipwa yote ilipatikana kwa mstari wenye sharti hili: `.filter(Mkopo.tarehe_ya_kufungwa == None)`, yaani mkopo usio na tarehe ya kufungwa. Kwa mujibu wa kanuni ya Ruff yenye namba E711, kulinganisha kitu na `None` kwa alama ya `==` ni kosa la mtindo, na rekebisho lake ni kuandika `is None`. Katika Python ya kawaida hilo ni jambo jema. Lakini SQLAlchemy imeipa alama ya `==` maana yake yenyewe, ili sharti lile ligeuke kuwa `IS NULL` ndani ya SQL, ilhali `is` haiwezi kupewa maana nyingine na maktaba yoyote. Ukiandika `Mkopo.tarehe_ya_kufungwa is None`, Python inajibu papo hapo, kabla hifadhidata haijaulizwa chochote, kwamba safu hiyo si `None`, na jibu ni `False`. Kinachopelekwa kwenye hifadhidata ni sharti lisiloweza kutimia hata siku moja. Orodha inarudi tupu, bila hitilafu na bila mstari wowote kwenye kumbukumbu za seva.

Mimi niliwasha `--unsafe-fixes` kwa mradi mzima jioni moja, nikapata mabadiliko kwenye mafaili zaidi ya arobaini, nikayapitia kwa jicho la mtu aliyechoka, nikaendesha majaribio, yote yakapita. Jaribio lililohusu mikopo lilikuwa linahakikisha kwamba mkopo uliofungwa haumo kwenye orodha, na kwa hakika haukuwamo, kwa kuwa orodha haikuwa na kitu. Ujumbe wa kuwakumbusha wanachama siku ya marejesho ukaacha kutumwa. Tuligundua siku ya tatu, mhasibu alipopiga simu kuuliza kama wanachama wote wamemaliza madeni kwa pamoja. Alisema kwa utani, mimi sikucheka.

Ruff haikuwa na kosa hapo. Maelezo ya kanuni hiyo yanasema wazi kwamba rekebisho lake si salama kwa sababu ya maktaba zinazobadilisha maana ya `==`, na SQLAlchemy na pandas (maktaba ya kuchambua majedwali ya data) ni miongoni mwazo. Dawa yake ni nyepesi: andika `Mkopo.tarehe_ya_kufungwa.is_(None)`, na kanuni inanyamaza kwa haki. Kazi hiyo hata hivyo ni ya mkono, kwa sababu inahitaji mtu anayejua ni mistari ipi inazungumza na hifadhidata. E712, inayohusu kulinganisha na `True` na `False`, ina mtego wa namna hiyohiyo, hasa kwa wanaochuja majedwali ya pandas.

Kanuni ya pili ninayoiogopa, kwa sababu nyingine kabisa, ni F841, inayohusu kigeu kilichopewa thamani kisha kisitumike. Rekebisho lake halina ukatili: likikuta `riba = kokotoa_riba(mkopo)`, huondoa jina na kuacha mwito wa fanksheni, kwa kuwa fanksheni hiyo huenda ina kazi nyingine inayofanya. Lakini jiulize kwa nini mtu alikokotoa riba asiitumie. Mara kadhaa nimekuta kwamba alikusudia kuijumlisha kwenye deni akasahau, na kigeu kile kisichotumika ndicho kilikuwa ushahidi pekee wa kosa lake. Ukikifuta, kikaguzi kinaridhika, hesabu inabaki na kosa, na anayekuja baadaye hana pa kuanzia. Kwa hiyo F841 nimeiweka kwenye `unfixable` ndani ya `pyproject.toml`, faili la usanidi la mradi: iendelee kulalamika, isiguse kitu.

Sasa nirudi kwenye neno «salama». F401 huondoa moduli zilizoingizwa bila kutumika, na rekebisho lake huhesabiwa salama isipokuwa kwenye mafaili ya `__init__.py`. Katika mradi mwingine tulikuwa na Alembic ya kusimamia mabadiliko ya majedwali, na ndani ya `env.py` kulikuwa na mstari `from app import models` ambao kwa macho haukutumika popote. Kazi yake ilikuwa kuingizwa tu, ili majedwali yote yajiandikishe kwenye `Base.metadata`, orodha ambayo Alembic huilinganisha na hifadhidata. `--fix` ya kawaida ikauondoa. Mwenzangu alipoiamuru Alembic iandae mabadiliko mapya, ilikuta majedwali yamo kwenye hifadhidata lakini hayamo kwenye msimbo, ikaandika kwa utiifu `op.drop_table`, amri ya kufuta jedwali, moja baada ya nyingine. Tunashukuru alikuwa na tabia ya kulisoma faili hilo kabla ya kuliendesha. Mistari ya aina hiyo, pamoja na ile ya Django inayoingiza `signals` ndani ya `ready()`, weka `# noqa: F401` pembeni yake, alama inayoiambia Ruff isiulalamikie mstari huo, na uandike sababu kwa maneno. Kama mradi wenu umejaa mambo hayo, andika `extend-unsafe-fixes = ["F401"]` chini ya `[tool.ruff.lint]`, na rekebisho hilo litahamia upande wa tahadhari. Ipo pia `extend-safe-fixes` kwa njia ya kurudi, kwa kanuni ambayo umeihakikisha mwenyewe kwamba haina madhara kwenu.

Kwa hayo 97 yako, ningefanya hivi. Kwanza maliza yale salama peke yake, uyaweke kwenye komiti yake (hatua moja iliyohifadhiwa kwenye Git), ukiwa umekagua mafaili ya usanidi na ya kuanzishia mfumo kwa jicho la F401. Kisha endesha `ruff check --statistics` uone yaliyosalia yamegawanyika vipi kwa kanuni, kwa kuwa mara nyingi utakuta kanuni nne au tano ndizo zimebeba karibu yote. Chukua moja, kwa mfano `ruff check --select E711 --unsafe-fixes --diff`, ambayo inakuonyesha mabadiliko bila kuandika chochote kwenye faili. Macho yakiwa yanatafuta aina moja tu ya badiliko huona mengi kuliko yakirushwa huku na huku kati ya kanuni ishirini. Ukiridhika, badilisha `--diff` kuwa `--fix`, endesha majaribio, weka komiti yenye jina la kanuni hiyo, ndipo uende kwenye inayofuata. Siku kitu kikivunjika utarudisha komiti moja nyuma, badala ya jioni nzima ya kazi kama nilivyolazimika mimi.

Usiandike `unsafe-fixes = true` kwenye usanidi, wala usiitie kwenye pre-commit, yaani ukaguzi unaojiendesha wenyewe kabla ya kila komiti. Hapo mabadiliko hufanyika wakati mtu anafikiria jambo jingine, na hakuna atakayeyasoma. Nasema hivyo nikijua wapo wanaofanya hivyo kwenye miradi midogo na hawajapata shida.

Wanaotumia lugha nyingine humu watatambua jambo lilelile kwa sura tofauti. RuboCop, kikaguzi cha Ruby, ina `-a` kwa yaliyo salama na `-A` kwa yote, herufi ileile kwa ukubwa tofauti, jambo ambalo binafsi naliona la hatari kwa mtu mwenye vidole vya haraka. ESLint, kikaguzi cha JavaScript, huyatenga mapendekezo yasifanywe na `--fix` kabisa, mpaka mtu ayachague moja moja ndani ya kihariri chake.

Kuhusu wiki hii moja: mwonyeshe mkubwa wako matokeo ya `--statistics` kabla hujagusa kitu, na mkubaliane ni kanuni zipi zitamalizwa sasa. Zile zinazogusa maulizo ya hifadhidata omba muda zaidi, na kabla ya kuanza hizo andika kwanza jaribio linalodai kwamba mkopo ulio wazi umo kwenye orodha.