Rubani kuanzia zamu nyumbani
Unauliza kwa nini chama cha marubani kihangaikie suala la rubani kuanzia zamu nyumbani, yaani kutoka uwanja wa karibu na anapoishi badala ya kituo cha kampuni, wakati kampuni ya ndege binafsi tayari inaruhusu. Kwa sababu ruhusa ya kampuni hufutwa kwa waraka mmoja tu. Ikiingia kwenye mkataba wa chama na kampuni, kule Marekani ruhusa hiyo inalindwa na Sheria ya Kazi ya Reli ya 1926, iliyopanuliwa hadi usafiri wa anga mwaka 1936: masharti hayabadilishwi mpaka hatua za majadiliano ziishe.

Halafu someni vipengele kwa makini. Zamu inahesabiwa kuanzia uwanja wa karibu na kwako, au pale ndege ilipo? Rubani aliyeamka saa kumi alfajiri, akaunganisha ndege mbili za abiria ndipo akabidhiwe ya kwake, ameshachoka. Mimi ningekomaa hapo kabla hata ya mshahara.